Weusi wa Piko: Kupaka na Kuondoa Rangi ya Nywele, kutoka Pwani hadi Mgololo

Piko ni jina ambalo Watanzania wengi hulitumia kwa rangi nyeusi ya nywele, iwe ni unga wa pakiti unaokorogwa kwa maji au rangi ya majimaji inayouzwa kwa chupa mbili. Kuipaka ni kazi ya nusu saa. Kuitoa ni kazi ya miezi, na mara nyingi humalizwa na mkasi au wembe. Haikuwa hivyo siku zote. Rangi ambazo watu wa Afrika Mashariki walijipaka vichwani kabla ya karne ya 20 zilikuwa na mwisho unaojulikana: nyingine zilioshwa, nyingine zilinyolewa siku ya sherehe, nyingine zilififia zenyewe bila mtu kutaka kuziharakisha. Rangi ya kiwandani ilikuja bila maelezo ya namna ya kuachana nayo, na walioipokea wakaikabili kwa mbinu za kufulia nguo. Katika Nyanda za Juu Kusini, bidhaa za urembo zilianza kujaa madukani katika miaka ileile ambayo kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, kilianza kazi. Na kazi kubwa ya kiwanda hicho ilikuwa kutoa rangi nyeusi katika nyuzi za miti. Habari hizi mbili zikisomwa pamoja, inaeleweka kwa nini kilichowezekana kwa mti kimewashinda watu wengi kwa nywele.

Rangi ya nywele ya kale ambayo bado inaonekana Afrika Mashariki ni udongo mwekundu wa morani wa Kimasai. Udongo huo husagwa, hukandwa kwa mafuta ya mnyama, kisha hupakwa kwenye nywele ndefu zilizosokotwa. Wekundu wake ni oksidi ya chuma, yaani chembe za kutu zilizoshikwa na mafuta juu ya unywele bila kuingia ndani yake. Namna ya kuiondoa nayo imewekwa ndani ya desturi. Katika Eunoto, sherehe ya morani kupanda daraja, mama humnyoa mwanawe kichwa chote, na rangi huondoka pamoja na nywele zilizoibeba. Waparakuyo, wanaosema lugha hiyohiyo ya Kimaa, walihamia na mifugo yao hadi sehemu za Iringa na bonde la Usangu, kwa hiyo vichwa vilivyopakwa udongo havikuwa vigeni katika masoko ya ukanda huo. Kunyoa nywele kama alama ya kufunga jambo moja na kuanza lingine kulijulikana pia katika jamii nyingi nyingine, hasa wakati wa msiba. Njia hii ya kwanza ya kuondoa rangi ndiyo pekee ambayo hadi leo haijawahi kushindwa.

Pwani kulikuwa na hina. Mhina, unaoitwa na wataalamu Lawsonia inermis, hupandwa uani Lamu, Mombasa, Pemba na Unguja. Majani yake makavu hutwangwa, unga ukakorogwa kwa maji na limau, ukaachwa uive kabla ya kupakwa. Kinachotia rangi ni lawsoni, kemikali ndogo inayoshikamana na keratini, protini ile inayojenga nywele, kucha na tabaka la nje la ngozi. Mkononi hina hufifia kwa wiki mbili au tatu kwa sababu ngozi hubanduka. Kwenye nywele hukaa mpaka zikatwe. Hina peke yake haitoi weusi. Hutoa rangi ya chungwa iliyokolea au wekundu wa matofali, na mzee mwenye ndevu nyeupe akiipaka hupata ndevu nyekundu. Waislamu wa pwani waliifahamu hadithi ya Mtume kuhusu baba yake Abubakar, aliyeletwa akiwa na kichwa cheupe pe, ikaelekezwa mvi zake zibadilishwe rangi lakini weusi uepukwe. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya uzito wa katazo hilo, lakini hadithi yenyewe inasaidia kueleza kwa nini ndevu nyekundu zilikuwa za kawaida miongoni mwa wazee wa pwani na weusi ukabaki jambo la kubishaniwa.

Aliyetaka weusi wa mimea alihitaji hatua ya pili. Uajemi, India na Arabuni walijua tangu zamani kwamba unga wa nili ukipakwa juu ya hina huligeuza chungwa kuwa kahawia nzito au nyeusi. Ni kazi ya saa nyingi na huhitaji mkono uliozoea. Haikuacha desturi ya kuondoa, kwa sababu aliyeianza aliirudia kila mizizi ilipochomoza.

Weusi wa haraka ulizaliwa katika maabara za Ulaya. Mwaka 1856 kijana William Henry Perkin, akiwa London, alijaribu kutengeneza kwinini akapata rangi ya zambarau kutokana na zao la lami ya makaa ya mawe. Mwalimu wake, August Wilhelm Hofmann, miaka michache baadaye aliichunguza kemikali nyingine ya ukoo huo, parafenilinidiamini, inayofupishwa PPD. Kemikali hii ikikutana na kitu kinachotoa oksijeni hubadilika kuwa nyeusi. Katika miaka ya 1880 ilianza kupewa hataza Ulaya, kwa nywele na kwa manyoya ya wanyama. Mwaka 1907 mkemia Mfaransa Eugène Schueller alitengeneza rangi ya nywele ya namna hii akaiuza kwa wasusi wa Paris, na mwaka 1909 akaanzisha kampuni ambayo baadaye ilijulikana kama L'Oréal. Japani nayo ilipata rangi zake, na unga wa Bigen wa kampuni ya Hoyu ukawa miongoni mwa rangi zilizofika mbali zaidi barani Afrika na Asia.

Namna rangi hii inavyofanya kazi ndiyo inayoeleza ugumu wa kuitoa. Unywele umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana, na ndani yake kuna kiini cha nyuzi za keratini. Rangi inapokorogwa, PPD na wenzake bado ni molekuli ndogo zisizo na rangi kubwa. Amonia au alkali nyingine hufungua magamba, molekuli hizo hupenya hadi ndani, na huko oksijeni ya haidrojeni peroksidi huziunganisha mbilimbili na tatutatu mpaka zinakuwa kubwa na nyeusi. Unga unaokorogwa kwa maji matupu hauna muujiza wowote: ndani yake mna chumvi kama perborati ya sodiamu, ambayo ikilowa hutoa peroksidi palepale. Molekuli za rangi ziliingia zikiwa ndogo, zikakua ndani, na sasa hazipiti tena mlangoni. Sabuni huosha kilicho juu ya unywele, na hapa juu hakuna kitu.

Unga huohuo ukaingia kwenye hina. Nchini Sudan, PPD ilichanganywa na hina ili iive upesi na kuwa nyeusi, na katika miaka ya 1980 madaktari wa Khartoum walichapisha taarifa za wagonjwa waliosumika, wengi wakiwa wameinywa: uso na shingo vilivimba hadi kuziba pumzi, kisha figo zikaharibika. Katika pwani ya Waswahili jina piko lilishikamana na rangi nyeusi inayochorwa mikononi na miguuni mwa maharusi, na baadaye kwa watalii katika fukwe za Zanzibar, ambako malengelenge ya mzio yalitokea mara kwa mara. Sheria za Umoja wa Ulaya huruhusu PPD kwa nywele tu, isiyozidi asilimia 2 katika mchanganyiko unaofika kichwani, na huikataza kabisa kupakwa ngozini. Inafaa kusisitiza kwamba mwili ukishaizoea kwa uadui huikumbuka maisha yote: aliyewahi kupata malengelenge kwa piko ya mkononi anaweza kuvimba uso kwa rangi ya kichwani miaka mingi baadaye.

Tanzania huru haikuipokea biashara ya urembo kwa moyo mmoja. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopangwa kuanza tarehe 1 Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Rangi ya nywele haikuwa shabaha kuu, lakini ujumbe ulieleweka hadi mikoani: kichwa cha mwananchi kilitakiwa kionekane cha asili. Kilichozuia piko zaidi ya siasa kilikuwa uhaba. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, sabuni yenyewe ilipangiwa foleni, na mwaka 1983 serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi. Hakuna duka la kijijini lililokuwa na nafasi ya rangi ya nywele wakati mche wa sabuni ulikuwa anasa.

Mlango ulifunguliwa na bajeti ya 1984/85, iliyowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipataje. Makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 yakaupanua zaidi. Kwa Nyanda za Juu Kusini njia zilikuwa tatu: barabara kuu ya Tanzania na Zambia, reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976, na mipaka ya Tunduma na Kasumulu. Vipodozi vilifuata njia hizohizo pamoja na mitumba, redio na vitenge.

Ndipo Mgololo inapoingia. Msitu wa Sao Hill, ulioanza kwa majaribio ya mwaka 1939 na kupanuliwa sana kuanzia miaka ya 1960, ulikuwa umejaa mipaini, hasa Pinus patula yenye asili ya Meksiko. Ili miti hiyo iwe karatasi, serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia na fedha za wafadhili wengine ilijenga kiwanda cha Southern Paper Mills kwenye bonde la Mgololo, chenye uwezo wa tani 60,000 kwa mwaka. Uzalishaji ulianza mwaka 1985. Palipokuwa msitu na mashamba ya Wahehe na Wabena pakatokea mji wa wafanyakazi kutoka kila mkoa, wenye nyumba za kampuni, maduka na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mji wa namna hiyo huvuta vinyozi, wasusi na wenye genge la vipodozi.

Kazi ya kiwanda inastahili kuangaliwa kwa karibu. Mti una nyuzi za selulosi, ambazo zenyewe ni nyeupe, zilizogandishwa pamoja na lignini, gundi ya asili inayochukua karibu robo au zaidi ya uzito wa mbao. Kwa mbinu iliyobuniwa na mkemia Mjerumani Carl Dahl mwaka 1879, vipande vya mbao hupikwa kwenye mitungi mikubwa ya chuma katika joto la kama nyuzi 170, ndani ya maji yenye kostiki soda na sulfidi ya sodiamu. Lignini huyeyuka na kutoka kama maji meusi mazito, ambayo huchemshwa na kuchomwa ili kurudisha dawa na kupata mvuke. Harufu ya salfa inayozunguka viwanda vya aina hii hutoka hapa. Kinachobaki ni ute wa nyuzi za kahawia, rangi ileile ya mfuko wa saruji, kwa kuwa lignini kidogo hung'ang'ania. Karatasi ya mifuko huishia hapo. Ya kuandikia hupitishwa hatua nyingine kadhaa za kung'arisha kwa dawa za klorini au peroksidi, na kati ya hatua na hatua nyuzi husuuzwa kwa maji mengi, kila dawa ikipimwa nguvu, muda na joto. Weusi hauondolewi kwa pigo moja.

Dawa hizo zina undugu wa karibu na za nywele. Kostiki soda ndiyo nguvu ya dawa nyingi za kunyoosha nywele. Sulfidi ya sodiamu, ikichanganywa na chokaa, ndiyo inayotumiwa na watengeneza ngozi kung'oa manyoya kwenye ngozi mbichi. Haidrojeni peroksidi iko katika rangi na katika bulichi. Tofauti iko kwenye uzi wenyewe. Selulosi huvumilia kostiki ya moto kwa saa nyingi; keratini huyeyuka ndani yake. Kinachousafisha mpaini huula unywele, na hilo ndilo wengi waliokuwa na haraka ya kuondoa piko hawakuambiwa na mtu.

Katika miaka ya 1980 kichwa cha mjini kilikuwa tayari kimebeba dawa nyingi. Kalikiti, yaani mawimbi yaliyolowa mafuta yaliyoenezwa na bidhaa ya Kimarekani iliyoingia sokoni mwaka 1980, ilitumia thioglikolati, dawa inayovunja viungo vya salfa vinavyoipa keratini uimara. Baada yake zikaja dawa za kunyoosha. Mtu aliyeweka dawa mwezi uliopita, akapaka piko wiki hii, kisha akataka kuitoa kabla ya harusi ya Jumamosi, alikuwa akiupitisha unywele mmoja katika mashambulizi matatu ya kemikali. Hapo ndipo nywele hukatika zikiwa mkononi, na ndipo lawama humwendea msusi wa mwisho ingawa kosa ni la mfululizo mzima.

Nyumbani, watu waligeukia walichokijua. Doa jeusi kwenye shuka nyeupe hutolewa kwa jiki, kwa hiyo jiki ikapelekwa kichwani. Jiki ni hipokloriti ya sodiamu, mjukuu wa ugunduzi wa Claude Berthollet, aliyeonyesha Ufaransa katika miaka ya 1780 kwamba klorini hung'arisha kitani. Kwa pamba na kitani inafaa, kwa kuwa nazo ni selulosi kama mpaini. Kwa sufu na hariri haifai, na kila mfuaji mzoefu anajua sweta la sufu likilowekwa ndani yake hulegea, hugeuka njano na mwisho huisha. Nywele ni ndugu wa sufu. Hatari kubwa zaidi ni kuichanganya. Jiki na siki au limau hutoa gesi ya klorini. Jiki na amonia, ambayo imo katika rangi nyingi, hutoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Katika bafu dogo lisilo na dirisha, baridi ya Juni imefunga kila mlango, mchanganyiko huo unaweza kumaliza uhai wa mtu aliyekuwa akitafuta kupendeza tu.

Magadi, majivu na sabuni ya mche vilijaribiwa pia. Vyote ni alkali, na alkali hufungua magamba na kuvimbisha unywele, kwa hiyo rangi ambayo haijakomaa hutoka kiasi katika siku mbili tatu za kwanza. Baada ya hapo hubaki ukavu bila faida. Limau na jua havitoi rangi ya PPD. Hupausha kidogo weusi wa asili na kuacha ule wa pakiti. Mafuta ya taa, ambayo watu wengine wameyatumia, hayafanyi chochote kwa rangi na huweza kuwaka.

Mbinu ya nyumbani yenye msingi wa kweli ilikuja na vidonge vya vitamini C, vinavyopatikana kwa bei nafuu katika duka lolote la dawa. Asidi askobiki huvipokonya oksijeni vitu vilivyo karibu nayo, na rangi iliyokuzwa na oksijeni hulegea kiasi. Mtumiaji husaga vidonge kwenye kinu kidogo au chini ya kijiko, huchanganya unga huo na shampuu ya mba, ambayo husafisha kwa nguvu kuliko shampuu ya kawaida, kisha hupaka kwenye nywele zilizolowa, hufunika kwa mfuko wa plastiki na kusubiri nusu saa hadi saa nzima. Rangi ikianza kutoka, povu hugeuka kahawia kama chai ya rangi, na maji ya kusuuzia huteremka beseni yakiwa hivyohivyo. Ndani ya siku tatu tangu kupaka, weusi unaweza kushuka hadi kahawia nzito. Baada ya mwezi mmoja, au kama rangi imepakwa tabaka juu ya tabaka kwa miaka, hautikisiki. Mbinu hii haiharibu nywele sana, ila hukausha, na mafuta ya nazi au ya nyonyo huhitajika baadaye. Kichwa chenye vidonda kisiguswe nayo.

Dawa za dukani za kuondoa rangi hufuata wazo hilohilo kwa nguvu zaidi. Zina misombo ya salfa ya ukoo wa ile ambayo wenye viwanda vya nguo na karatasi huitumia kuondoa rangi kwa kuipokonya oksijeni. Molekuli kubwa ya piko huvunjwa kuwa ndogo, na ndogo inaweza kupita tena mlangoni. Lakini isiposuuzwa kwa maji mengi, kwa muda mrefu kuliko mtu anavyodhani, vipande vinavyobaki hukutana na oksijeni ya hewa au ya peroksidi na kuungana upya. Hii ndiyo sababu ya malalamiko ya kawaida kwamba nywele zilikuwa za kahawia jioni na nyeusi asubuhi. Dawa hizo haziwezi kurudisha weusi wa asili uliokwisha kupaushwa, kwa hiyo kinachojitokeza chini ya piko mara nyingi ni wekundu ambao mwenye nywele hakuwahi kuwa nao.

Bulichi ndiyo njia ya nguvu kuliko zote, na historia yake ni ndefu. Louis Jacques Thénard aligundua haidrojeni peroksidi mwaka 1818. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1867, mkemia wa London, Thiellay, na msusi wa Paris, Hugo, waliionyesha kama dawa ya kupausha nywele. Siku hizi huongezewa unga wa persulfati, na chupa za peroksidi huandikwa 20, 30 au 40, maana yake nguvu ya asilimia 6, 9 au 12. Bulichi haichagui: huchoma rangi ya pakiti na rangi ya asili kwa pamoja. Kichwa cheusi hupita wekundu, chungwa, kisha njano, na wanaojifanyia nyumbani huishia kwenye chungwa, hutishika, hupaka piko juu yake, na kuanza upya wakiwa na nywele dhaifu zaidi. Juu ya nywele zilizowekwa dawa ya kostiki, bulichi ya nyumbani haifai kabisa.

Kuna kundi moja la rangi ambalo bulichi huligeuza hatari. Baadhi ya unga unaouzwa kama hina nyeusi, na losheni zinazofanya mvi kuwa nyeusi polepole, zina chumvi za madini kama risasi au fedha. Peroksidi ikikutana na madini hayo nywele hupata joto, hufuka moshi na kukatika. Wasusi makini hukata nywele chache nyuma ya kichwa, huzitumbukiza katika kikombe cha peroksidi na amonia, na kuangalia kama zitapata moto au kubadilika ghafla kabla ya kugusa kichwa. Nywele zilizopakwa hina na nili nazo hutoa mshangao wake: hina hubaki, nili hubadilika, na matokeo yanaweza kuwa ya kijani.

Kwa hiyo wembe haujawahi kuondoka. Katika shule nyingi za serikali mwanafunzi hutakiwa kuwa na nywele fupi zisizo na rangi, na kila Januari vinyozi wa Mafinga, Makambako na Mbeya hupokea vijana wanaokuja kuacha rangi ya likizo sakafuni. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, nalo hunyoa, na kambi yake ya Mafinga, 841 KJ, imo katika wilaya ileile ya Mgololo. Ambaye hataki kunyoa hubaki na kusubiri. Nywele za Mwafrika hukua kwa wastani wa chini ya sentimita 1 kwa mwezi, hivyo nywele za sentimita 10 huhitaji zaidi ya mwaka mmoja kumaliza rangi. Wanawake wengi huupitisha mwaka huo chini ya misuko, wakipunguza ncha kila wanapofumua, na hii ndiyo njia yenye busara kuliko zote kwa mtu mwenye nywele za dawa.

Kiwanda cha Mgololo kilipitia miaka ya kusimama kabla ya kuuzwa mwaka 2004 kwa kampuni ya Rai kutoka Kenya na kuitwa Mufindi Paper Mills, na leo kinajulikana kwa karatasi ya kahawia ya mifuko, isiyong'arishwa. Usimamizi wa vipodozi nao umebadilika. Sheria ya mwaka 2003 iliunda Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, iliyosajili vipodozi na kukamata vyenye viambato vilivyokatazwa. Tangu mwaka 2019 kazi hiyo imehamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, huku TFDA ikigeuzwa TMDA na kubaki na dawa na vifaa tiba. Maelekezo ya rangi za PPD hutaka mtu apake tone nyuma ya sikio au kwenye kiwiko na kusubiri saa 48 kabla ya kupaka kichwa kizima. Pakiti inayofunguliwa na muuzaji na kupimwa kwa kijiko kwenye kikaratasi haina maelekezo hayo, haina jina la kiambato wala tarehe ya mwisho wa matumizi, na msusi anayeombwa kuiondoa hana namna ya kujua kama anachokabiliana nacho ni PPD, nili au madini.